Kilo Ulizoficha Zimo Ndegeni



Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Muumba wa mbingu na ardhi, aliyekiumba kila kitu kwa kipimo. Rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad, pamoja na jamaa zake, masahaba zake na wote wanaofuata mwenendo wao kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Ndugu zangu katika imani, nawausia nyinyi na naiusia nafsi yangu kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri. Taqwa haibaki msikitini ikimsubiri mtu arudi safari. Hufuatana naye barabarani, bandarini na kwenye uwanja wa ndege. Ijumaa ya leo nataka tuzungumzie mahali ambapo wengi wetu tumezoea kuisahau, nako ni kwenye mizani ya mizigo ya uwanja wa ndege.

Huenda mtu akauliza, mizigo ya ndege na mawaidha ya Ijumaa wapi na wapi? Jawabu limo katika Kitabu cha Mola wetu. Nabii Shuaib, amani iwe juu yake, alitumwa kwa watu wa Madyan. Baada ya kuwalingania wamwabudu Mwenyezi Mungu peke yake, jambo alilowasisitizia ni kuacha kupunja vipimo na mizani. Hawakusikia, na mwisho wao tunaujua. Ipo sura nzima, Surat Al-Mutaffifin, inayofunguliwa kwa onyo kali kwa wapunjaji. Na katika Surat Ar-Rahman, mara tu baada ya kutajwa kuinuliwa kwa mbingu, imetajwa mizani, na tukaamrishwa tusiivuke wala tusiipunguze.

Tumezoea kuzisoma aya hizo huku tukimfikiria muuza sukari wa sokoni mwenye jiwe pungufu. Kweli yumo. Lakini muuza sukari akikupunja, unarudi nyumbani na hasara ya gramu mia. Anayepunja mizani ya ndege anachezea roho za watu wasiomjua, waliopanda wakiamini kwamba kila aliyepita pale kaunta alisema kweli.

Ndege huinukaje?

Tuanze na elimu, maana nasaha isiyo na elimu haina mizizi. Injini huisukuma ndege mbele. Kinachoinyanyua ni hewa inayopita kwenye mbawa zake, na hewa hiyo hainyanyui kitu mpaka kasi itoshe. Ndege ikiwa nzito zaidi, hutaka kasi kubwa zaidi ili iache ardhi, na ili ipate kasi hiyo hutaka njia ndefu zaidi ya kurukia.

Mamlaka ya usafiri wa anga ya Uingereza imewawekea marubani wa ndege ndogo makadirio mepesi kushikika. Uzito ukizidi kwa asilimia 10, njia inayohitajika kwa kuruka huongezeka kwa asilimia 20 hivi. Joto likipanda kwa nyuzi 10, ongeza asilimia 10. Uwanja ukiwa juu zaidi kwa futi 1,000, ongeza asilimia 10 nyingine, kwa kuwa hewa ya nyanda za juu ni nyepesi na haizishiki mbawa vizuri. Sasa tazameni viwanja vyetu. Uwanja wa Jomo Kenyatta, Nairobi, uko zaidi ya futi 5,300 juu ya usawa wa bahari. Viwanja vya pwani viko chini, lakini jua la saa saba mchana sote tunalijua. Viwanja vingi vidogo vya mbugani ni vifupi, na vingine ni vya changarawe au majani. Rubani hawezi kuurefusha uwanja wala kulipoza jua. Kilicho katika uwezo wa wanadamu ni uzito.

La pili ni mahali uzito ulipokaa. Mchukuzi wa mzega akijaza debe la nyuma na kuliacha la mbele tupu, hafiki mbali, hata kama jumla ya mzigo haimshindi. Ndege nayo ina kitovu chake cha uzito, na walioiunda wamekiwekea mpaka wa mbele na mpaka wa nyuma. Uzito ukielemea mbele mno, pua huwa nzito kuinuka, na ndege huimaliza njia ikiwa bado chini. Ukielemea nyuma mno, pua hupanda kupita kiasi, mbawa huishiwa nguvu ya kubeba na ndege huporomoka. Rubani anaweza kuwa stadi wa miaka mingi, na bado akakuta usukani haumtii.

Ndiyo maana kabla ya ndege kuondoka huandaliwa karatasi ya uzito. Huandikwa idadi ya abiria na sehemu walizokaa, kilo za mizigo na chumba zilimowekwa tumboni mwa ndege, na kiasi cha mafuta. Rubani mkuu huipitia na kuitia saini. Kutokana na namba hizo hupatikana kasi ya kuinulia pua. Katika ndege kubwa hupatikana pia kasi ya uamuzi. Tatizo likitokea kabla ya kasi hiyo, rubani anaweza kukatiza safari na kusimama ndani ya njia iliyobaki. Akishaipita, hana budi kuruka, hata injini moja ikizimika. Ni uamuzi wa sekunde moja au mbili, na hauna rufaa.

Ndugu zangu, zingatieni hapo. Namba zilizo kwenye karatasi ile ni ushahidi. Aliyetia uongo ndani yake amempa rubani ushahidi wa uongo, na rubani atakata shauri kwa ushahidi huo akiwa na roho mia au mia mbili nyuma yake. Sote tunajua Mtume wetu, rehema na amani zimfikie, aliuhesabu ushahidi wa uongo miongoni mwa madhambi makubwa mno.

Yaliyotokea Cotonou na Kinshasa

Tarehe 25 Desemba 2003, ndege aina ya Boeing 727 iliyotoka Conakry, Guinea, ilitua Cotonou nchini Benin kuchukua abiria wengine, ikielekea Beirut na baadaye Dubai. Wengi wa waliokuwemo walikuwa Walebanoni wanaofanya kazi Afrika Magharibi, wakirudi kwao kuonana na wazazi, wake na watoto. Walikuwemo pia wanajeshi wa Bangladesh waliokuwa wamemaliza kazi ya kulinda amani. Kwa jumla ndege ilikuwa na watu 163.

Ilikimbia njia nzima, na rubani alipovuta usukani pua haikuinuka inavyotakiwa. Iliacha ardhi ikiwa imechelewa, ikagonga jengo dogo la mitambo ya redio lililokuwa mwisho wa uwanja, ikavunja ukuta na kuangukia ufukweni na baharini. Walikufa watu 141.

Wachunguzi waliipekua habari ile mwanzo hadi mwisho. Walikuta ndege imebeba uzito mkubwa kuliko ule ambao marubani walifanyia hesabu, na uzito wenyewe umeelemea mbele bila wao kujua. Hapakuwa na hesabu ya kutegemewa ya abiria wala ya mizigo yao. Shirika lenyewe halikuwa na utaratibu wa kuihakiki mizigo, na waliopaswa kulisimamia hawakulisimamia. Hakuna mtu mmoja aliyekusudia kuua. Kila mmoja aliliacha jambo kidogo, na upungufu wa wote ukakutana mwisho wa uwanja. Wahenga walituambia haba na haba hujaza kibaba. Kibaba cha uzembe nacho hujaa vivyo hivyo.

Karibu miaka 8 kabla ya hapo, tarehe 8 Januari 1996, msiba mwingine ulitokea kwa majirani zetu wa Kongo, wakati huo ikiitwa Zaire. Ndege ya mizigo aina ya Antonov 32 ilijaribu kuruka kutoka uwanja wa N'Dolo, katikati ya jiji la Kinshasa, ikiwa imepakiwa kupita kiasi. Haikuinuka. Ilipita mwisho wa njia na kuingia moja kwa moja katika soko la Simbazikita, lililokuwa limejaa watu. Waliokufa walizidi 200, wengi wao wakiwa wanawake na watoto.

Tulieni hapa kidogo, ndugu zangu. Watu wa soko lile hawakuwa na tiketi. Hawakupakia mzigo wowote. Mama aliyekuwa akipanga mafungu ya mihogo hakujua kwamba ng'ambo ya uzio kuna mtu ameamua kuongeza magunia kwa sababu ya faida ya siku moja. Damu yake iko juu ya nani? Qur'ani katika Surat Al-Maida imetufundisha uzito wa nafsi moja iliyouawa bila haki, kwamba ni kana kwamba wameuawa watu wote. Mwenye kuzidisha mzigo asiseme mimi najihatarisha mwenyewe.

Ajali haina kinga, lakini...

Misiba kama hii ikitokea, hatuchelewi kusema ajali haina kinga, na kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Ni kweli kwamba kadari ni nguzo ya imani yetu, na mwenye kuikanusha ameitia dosari dini yake. Lakini kadari haikuteremshwa iwe pazia la kufichia uzembe. Bwana mmoja alimuuliza Mtume, rehema na amani zimfikie, kuhusu ngamia wake: amwache huru na kumtegemea Mwenyezi Mungu, au amfunge na kumtegemea? Mtume alimwelekeza amfunge kwanza, kisha ategemee. Hivyo ndivyo tawakkul ilivyo. Kufunga kamba ni sehemu ya ibada, kama ilivyo kuinua mikono kuomba dua.

Tarehe 29 Aprili 2013, ndege kubwa ya mizigo aina ya Boeing 747 iliruka kutoka Bagram, Afghanistan, kwenda Dubai. Ndani ilikuwa na magari 5 ya deraya ya kijeshi, kila moja likiwa na uzito wa tani nyingi. Uchunguzi ulibaini kwamba magari hayo hayakufungwa inavyostahiki, na kwamba hata mwongozo wa shirika juu ya namna ya kuyafunga ulikuwa na kasoro. Ndege ilipoinua pua, angalau gari moja lilikatika na kuserereka hadi nyuma, likaharibu mabomba ya nguvu za usukani na mtambo unaoendesha bawa la mkia. Ndege ikapanda wima, ikaishiwa nguvu na kuanguka muda mfupi tu baada ya kuacha ardhi. Watu wote 7 waliokuwemo walikufa. Wachunguzi walisema kwamba kule kusogea kwa uzito peke yake rubani angeweza kukuhimili. Kilichowamaliza ni mitambo kuvunjwa na mzigo usiofungwa vyema. Kamba, ndugu zangu. Ngamia hakufungwa.

Tukio jingine ni la Marekani, katika mji wa Charlotte, tarehe 8 Januari 2003. Ndege ndogo ya abiria ilianguka mara tu baada ya kuruka na kuua watu wote 21. Marubani waliandika karatasi yao ya uzito kwa uaminifu, wakifuata wastani wa uzito wa abiria ulioruhusiwa na serikali, na kwenye karatasi ndege ilikuwa ndani ya kiwango. Lakini wastani ule ulikuwa wa zamani na watu walikuwa wameongezeka miili. Ndege ilikuwa nzito kuliko karatasi, na uzito wake ulikuwa umepita mpaka wa nyuma. Juu ya hayo, siku mbili kabla mafundi walikuwa wamezirekebisha vibaya kamba za usukani wa mkia, na hatua kadhaa za ukaguzi zilirukwa. Marubani walipotaka kuishusha pua, usukani haukuwa na nafasi ya kutosha.

Baada ya msiba ule serikali ya Marekani iliamuru abiria wa ndege ndogo wapimwe, na ikaonekana kwa wastani kila mmoja alizidi ule uzito wa zamani kwa kilo 9 hivi. Majedwali yakabadilishwa. Na mwaka 2005 shirika lenye ndege ile lilisimama hadharani mbele ya familia za marehemu, likakiri na kuomba radhi. Kukiri kosa na kurekebisha ndiyo njia ya toba tuliyofundishwa, na kunapotendeka, popote pale, tukutambue.

Sisi abiria

Sasa tujitazame wenyewe, tusiishie kuwalaumu marubani na mashirika.

Tazameni kaunta ya ndege ndogo inayokwenda kisiwani. Kijana wa kaunta ana mizani, kalamu na karatasi. Ndege yenyewe ni kama ile Cessna Caravan ya injini moja tunayoifahamu, ambayo uzito wake wote wakati wa kuruka, yaani ndege yenyewe, mafuta, rubani, abiria na mizigo, haitakiwi kufika tani 4. Abiria anaweka begi, mizani inasema kilo 14, na kiwango ni 15. Kijana anaandika. Lakini begi la pili, dogo na zito, limeshikwa na mpwa aliyesimama karibu na mlango akijifanya msindikizaji. Mizani ikishamaliza kazi yake, begi lile linarudi begani kwa mwenyewe. Ndani mna pasi, vitenge vya kuuza na pampu ya maji. Karatasi ya rubani inasema kilo 14, na ndege imebeba 26.

Abiria 12 wakifanya hivyo, hata kwa kilo 10 kila mmoja, ni kilo 120 ambazo hazijaandikwa popote. Ni sawa na mtu mzima na nusu kuingizwa ndani ya ndege bila kiti wala jina. Katika ndege kubwa ya abiria 180, kila mmoja akificha kilo 5 tu, ni kilo 900. Na msidhani mkoba wa mkononi hauhesabiwi. Ulaya, kwa mfano, katika ndege za viti 30 na zaidi, mtu mzima hukadiriwa kuwa kilo 84, na ndani ya kilo hizo umo mkoba wake. Anayeshona mifuko ya ndani ya koti akajaza chaja na viatu, anayevaa magauni manne kwa pamoja ili apite, huyo anaiharibu hesabu ambayo wenzake wote wameitegemea.

Wapo wanaosema, mimi nimempa yule kijana kitu kidogo akafumba macho, tukaelewana. Mmeelewana juu ya nini? Rushwa ni haramu kwa anayetoa na anayepokea. Na hapa mmeongeza haramu juu ya haramu, kwa kuwa mmeuziana usalama wa watu wasiokuwepo kwenye mazungumzo yenu. Tiketi nayo ni mkataba. Surat Al-Maida inaanza kwa kuwaamrisha waumini watimize mikataba yao. Ukiona kilo ni chache, lipia ziada, au gawanya mzigo na utume mwingine kwa meli, au upunguze. Njia za halali hazijafungwa.

Niseme neno maalumu kwa ndugu zetu wanaokwenda Hija na Umra. Mtu amefanya tawafu, amesimama Arafa akilia, ametoka katika madhambi yake kama siku aliyozaliwa, kwa fadhila za Mola wake. Kisha anafika uwanja wa ndege wa Jeddah na dhambi ya kwanza anayoifanya ni kuzificha chupa za Zamzam ndani ya begi, amezifunga kwa kanga na taulo. Utaratibu wa kule unamruhusu boksi la lita 5 lililofungwa maalumu, na unakataza kuyatia maji hayo kwenye mabegi. Maji ya baraka hayasafirishwi kwa udanganyifu. Gawa kidogo ulichoruhusiwa, vikombe vidogo vidogo, kwa wazazi na wagonjwa. Baraka haipimwi kwa madebe.

Na katika ndege ndogo, mfanyakazi akikuomba upande kwenye mizani, panda. Akikuomba uhame kutoka kiti cha nyuma kwenda cha mbele, hama, wala usiseme umedharauliwa au umetenganishwa na jamaa yako. Anaisawazisha ndege. Nanyi wafanyakazi, wastahini watu. Mzee au mama anayeona haya kupimwa mbele ya umma ana haki ya sitara. Namba iandikwe, isitangazwe. Mkifanya hivyo wengi watapimwa kwa moyo mkunjufu, bila kutafuta pa kujificha.

Wenye kazi na wenye mamlaka

Ndugu zangu mnaofanya kazi viwanjani, mnaopakia, mnaopima, mnaojaza karatasi, mnaokagua: ajira yenu ni amana kubwa kuliko mshahara wake. Mpakiaji aliyeambiwa aweke tani 2 chumba cha nyuma, akaziweka mbele kwa sababu mlango wake uko karibu na jua ni kali, amebadilisha ndege nzima bila mtu kujua. Ukikosea, sema. Ukiona namba hazilingani, simamisha. Bosi akikuamuru ufumbe macho, kumbuka kwamba hapana utii kwa kiumbe katika kumuasi Muumba. Najua kibarua ni kigumu kupatikana na watoto wanataka kula. Lakini riziki iko kwa aliyeziumba roho zile, na hakuna kazi utakayoililia kama utakavyolilia jeneza ulilochangia.

Nanyi marubani, neno hapana ni haki yenu na ni wajibu wenu. Abiria watanung'unika, mwenye mali atapiga simu, na safari itachelewa. Muwe radhi kulaumiwa na watu walio hai.

Wenye mashirika, msiweke nauli na ratiba ambazo haziwezekani ila kwa kuzidisha mzigo. Wenye mamlaka, mizani zikaguliwe, majedwali yapitiwe, na anayevunja sheria aadhibiwe kabla ya msiba. Tunajua kuchelewa kunaleta nini, kwani sisi tumeyaona majini. Septemba 2011 tulizika ndugu zetu wa meli ya Spice Islander iliyokuwa ikitoka Unguja kwenda Pemba, na wengine bahari haikuwarudisha. Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichoruhusiwa kubeba watu 101, kilipinduka karibu na Ukara katika Ziwa Victoria, na watu 228 wakafa. Meli na ndege ni vyombo mbalimbali, ila dhambi ya kuzidisha ni moja.

Mtume, rehema na amani zimfikie, alitupigia mfano wa watu waliopanda jahazi moja, wengine tabaka la juu na wengine la chini. Wa chini walitaka kutoboa sehemu yao ili wapate maji bila kuwasumbua wa juu. Akatufundisha kwamba wakiachwa wafanye watakalo, wataangamia wote, na wakizuiwa, wataokoka wote. Basi ukimwona mwenzako kwenye foleni anaficha mzigo, mshauri kwa upole. Mwambie ndugu yangu, tunapanda chombo kimoja. Huo si umbea wala kujitia katika yasiyokuhusu. Ni kukataza maovu, na katika maovu hayo imo roho yako na ya mwanao.

Ndugu Waislamu, tukishaketi na kufunga mkanda, tunasoma dua ya safari. Tunamtakasa Aliyetutiishia chombo kile ambacho kwa nguvu zetu tusingekiweza, na tunakiri kwamba kwake Yeye tutarejea. Mtu ataitamkaje dua hiyo huku chini ya kiti chake kuna mzigo alioupitisha kwa uongo? Anayeomba salama aanze kwa kutokuwa yeye ndiye hatari. Na kumbukeni kwamba iko mizani nyingine inayotungoja, ambayo haina mpwa wa kushika begi mlangoni wala karani wa kupewa kitu kidogo. Siku hiyo uzito wa chembe utaonekana.

Nawaombeni, kila mwenye safari baina ya Ijumaa hii na ijayo, pima mzigo wako nyumbani kabla hujatoka. Uweke wote kwenye mizani, pamoja na ule wa mkononi. Kilichozidi, kilipie au kiache. Na kila mwenye jamaa anayefanya kazi uwanja wa ndege amfikishie maneno haya.

Ewe Mola wetu, tujaalie tuwe waaminifu katika vipimo vyetu, vidogo na vikubwa. Walinde wasafiri wetu nchi kavu, baharini na angani. Warehemu waliotangulia katika misiba hii, uzipe subira familia zao, na uwape viongozi wetu ujasiri wa kusimamia haki.

Amin.